Watamu: Tazama Mwezi Kabla ya Tiketi

Kwetu sisi tunaoishi Ulaya, tarehe ya likizo ya pwani huamuliwa na mambo mawili: bei ya tiketi na kalenda ya shule za watoto. Matokeo yake familia hutua Watamu, pwani ya Kenya, hulipia chumba kinachotazama bahari, na kesho yake saa nne asubuhi bahari haipo. Imepwa hadi karibu na mwamba. Mbele ya hoteli umebaki mchanga, mwani na vidimbwi, na watoto wamesimama na maboya yao. Hoteli hulaumiwa bure. Huo ni mwezi, na ratiba yake inajulikana mwaka mzima kabla.

Pwani ya Kenya maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayaendi mbali. Hayo wengi wameyasikia. Wasichokizingatia ni saa. Bamvua za pwani hii hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki mambo yamegeuka: asubuhi maji yamejaa, alasiri ndiyo yanapwa.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani basi ana jedwali la maji tayari. Kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 hivi, siku tatu nne ni za bamvua; kuanzia tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Wenye watoto wadogo wanaotaka kuogelea asubuhi, chagueni wiki ya maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya mchanga hadi kwenye visiwa vya mawe vilivyo ghubani, bamvua ndiyo siku yake, ila arudi mapema. Maji yakianza kujaa hayamsubiri mtu apige picha.

Visiwa hivyo, vilivyoliwa chini na mawimbi, ni matumbawe yaliyokufa; yaliota zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mawe ya jinsi hiyo ndiyo yaliyojenga mji wa Gede, ambao magofu yake yako kilomita chache kutoka ufukweni. Matumbawe hai yako nje zaidi. Hao ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mwani mdogo sana ndani ya miili yao, na mwani huo unahitaji mwanga. Tope likizidi, mwanga unakosekana. Ndiyo sababu Malindi, iliyo jirani na mlango wa mto Sabaki, bahari yake huwa ya rangi ya chai baada ya mvua, na Watamu iliyo kusini zaidi hubaki na maji maangavu kwa muda mrefu. Hifadhi za bahari za miji hiyo miwili zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika.

Baada ya mwezi, upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na joto kali. Kusi hushika kuanzia Aprili: kwanza masika, kisha mawimbi ya Juni hadi Agosti yanayochafua maji na kuwazuia manahodha wengi kutoka nje ya mwamba. Likizo ndefu za shule za Ulaya zinaangukia papo hapo. Kwa maoni yangu, mwenye watoto wa shule ajaribu likizo fupi ya Oktoba, majira ya tanga mbili, kusi ikiwa imelegea na vuli bado haijakolea. Desemba ni nzuri pia, kwa mwenye mfuko.

Machi na Aprili maji hufikia joto lake la juu kabisa, na mwaka wa joto lililopita kiasi matumbawe huufukuza ule mwani wao na kuwa meupe. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa hivyo. Yaliyopo sasa ni yale yaliyostahimili na yaliyoota upya, kwa hiyo ukiwa na miwani na mrija, elea. Usisimame juu yake, hasa bamvua inapopwa na mwamba uko karibu na tumbo lako. Makombe hayachukuliwi, na chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Kiingilio cha hifadhi, kinachotozwa na shirika la wanyamapori la Kenya (KWS), lipieni mapema kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, na wenye pasipoti za Ulaya, watoto wakiwamo, waombe mtandaoni kibali cha kuingia nchini (eTA) kabla ya kusafiri.

Na ukilazimika kwenda Agosti? Nenda. Hali ya hewa ni ya kupendeza, msitu wa Arabuko-Sokoke hautegemei kusi, na mikoko ya hori la Mida huingiliwa kwa mtumbwi maji yakijaa. Halafu Julai hadi Septemba ndipo nyangumi wenye nundu wanapopita nje ya mwamba, kwa hiyo ikitokea siku ambayo nahodha anakubali kutoka, usikatae.