Programu za kubeba kwenye flashi: zinasaidia nini, na zinaponza wapi

Katika miji kama Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ao Uvira, wengi wanaotumia kompyuta hawana ya kwao. Mwanafunzi anapigisha TFC yake kwenye sekretaria ya kando ya barabara, mwalimu anatumia mashine ya shule, mtumikaji wa ofisi anagawana mashine moja na wenzake. Kila mmoja anabeba flashi mfukoni, ile wengine wanaita kle. Kwa kawaida mule ndani muko kazi tu: maandishi, picha, orodha za majina. Lakini programu zenyewe zinazofungua kazi hiyo zinaweza pia kukaa mulemule.

Programu ya kawaida inapashwa kwanza kuingizwa kwenye mashine. Windows inaomba neno la siri la msimamizi, kisha programu inatawanya vipande vyake huku na huku. Hapo mteja wa siber anakwama, juu neno hilo analo mwenye mashine peke yake. Programu ya kubeba iko tofauti: yote inakaa ndani ya folda moja, pamoja na mipangilio yake. Mtu anachomeka flashi, anafungua folda, anabofya mara mbili, anaanza kazi. Akimaliza, anaondoka nayo.

Mmarekani John Haller alitengeneza Firefox ya namna hiyo mwaka 2004, na kazi yake ikazaa PortableApps.com, ambako leo kuna mamia ya programu bila malipo: LibreOffice ya kuandika na kufanya mahesabu, VLC ya video, Audacity ya kukata sauti, SumatraPDF ya kusoma.

Faida inaonekana zaidi kwa watu wa TFC. Kazi iliyoandikwa kwenye mashine moja ikifunguliwa kwenye ingine yenye Word ya zamani, namba za kurasa zinaruka, jedwali linavunjika, na mwanafunzi analipa mara ya pili kwa kutosha kurasa zilezile. Akitembea na LibreOffice yake, programu inabaki ileile kila mahali. Lakini aina ya herufi inatoka mara nyingi kwenye mashine. Akichagua herufi za ajabu ajabu zisizokuwa kule, kurasa zitaruka tu. Times New Roman iko karibu kwenye kila Windows. Na kabla ya kutosha kwenye karatasi, afadhali aigeuze kazi kuwa PDF: hiyo haigeuki njiani.

LibreOffice inakula zaidi ya mega mia moja kuipakua, na mega ni feza. Mwenye nayo anaweza kumnakilia mwenzake folda nzima, sheria yake inaruhusu. Haiko hivyo kwa zile « Word ya kubeba » ao « Photoshop ya kubeba » zinazozunguka mitaani. Microsoft na Adobe hawatoi programu hizo kwa namna hiyo. Zimevunjwa kufuli na mtu asiyejulikana, na mara nyingi aliacha kitu ndani.

Virusi ndiyo shida kubwa. Wengi wanaijua ile inayoficha mafolda na kuweka njia za mkato mahali pake. Flashi yenye programu iko katika hatari zaidi kuliko yenye maandishi tu, juu virusi vingine vinajishika kwenye programu yenyewe, na kila mara inapofunguliwa vinahamia mashine mupya. Flashi ikitoka siber, ichunguzwe kabla ya kuingia ofisini. Tena isichomolewe programu ikiwa bado wazi. Umeme ukikatika, mashine ya mezani isiyo na betri inazimika palepale. Kwa hiyo kuhifadhi kila dakika chache si woga.

Kuna wanaoamini kwamba Firefox ya kubeba haiachi alama siber. Ni kweli nusu. Kurasa zilizotembelewa zinaandikwa kwenye flashi, lakini Windows inaweza kukumbuka majina ya mafaili yaliyofunguliwa, na kama mashine iko na programu ya kuiba kinachoandikwa, neno la siri limekwisha kwenda. Na maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya Firefox hiyo yanaweza kusomwa na mwenye kuokota flashi ikipotea, isipokuwa kama mwenyewe aliweka neno kuu la kuyafunga.

Kwa ofisi, mambo ni mengine. Hospitali, benki na mashirika mengi yanakataza programu yoyote isiyopitia kwa msimamizi wa mashine, hata kama haiingizwi. Mtumikaji amuulize kwanza. Pengine atakuta hata kuchomeka flashi kumefungwa.