Kitabu cha picha kwa mtoto mchanga: hesabu ya mzazi wa Magomeni, Dar es Salaam

Mtoto wa mwaka mmoja hana haja na hadithi. Anachotaka ni sura ya mtoto mwenzake. Mfunulie picha ya kichanga aliyebebwa mgongoni kwa kanga, kisha ya mwingine aliyegubikwa makoti mazito kwa baridi ya ng'ambo: ataipiga kofi, ataibusu, halafu ataitia mdomoni. Hesabu ya mzazi inaanzia hapo mdomoni.

Vitabu vya aina hiyo vipo. Global Babies, kilichotolewa Marekani mwaka 2007, ni picha za watoto wachanga wa nchi mbalimbali, maneno machache tu, kwenye kurasa za kadibodi ngumu. Ukikiagiza kipya unalipia kitabu na usafirishaji juu yake, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Nafuu ni mtumba, Kariakoo au kwa wauzaji wa barabarani kule Posta, ingawa vya kadibodi havipatikani kila siku. Ukikibahatisha, kabla ya kuuliza bei bonyeza kona kwa kucha. Kadibodi ikiachana tabaka tabaka, mate ya mtoto yataimaliza wiki hiyo hiyo. Kinuse pia. Kikinuka ukungu, kirudishe. Kiingereza chake kisikutishe, msimuliaji ni wewe.

Njia nyingine ni steshenari. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, unatoa hadithi za picha bure, za Kiswahili zikiwemo, na kuzichapa ni ruksa. Kurasa 16 za rangi, ukitozwa shilingi 500 kila moja, ni 8,000. Mwambie mwenye steshenari akupangie kurasa mbili kwenye karatasi moja, inashuka hadi 4,000, ila laminesheni bado. Bila laminesheni umenunua chakula cha mtoto.

Kumsomea kwenye simu kunaonekana bure, bando ukilisahau. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halishauri skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Vitabu vya Kiswahili vya mchapishaji Mkuki na Nyota, subiri akianza kufunua ukurasa bila kuuchana. Maktaba Kuu pale Bibi Titi hali kadhalika. Cha kuazima hakitafunwi.

Kwangu mimi namba moja ni albamu. Nani Magomeni hana ndugu Unguja, Mwanza au Muscat anayetuma picha za mtoto wake WhatsApp? Zisafishe studio, zipange kwenye albamu ndogo ya plastiki, na kila sura ina jina la kutajwa: huyu binamu yako, huyu mtoto wa shangazi. Ikilowa mate, unafuta kwa kitambaa.

Kwa aliye chini ya miaka mitatu, anza na albamu, kisha tafuta kimoja cha kadibodi cha mtumba. Kile kipya cha Marekani mwachie mjomba aliyeko huko. Akija likizo, begi lake halikosi nafasi.