Filamu za kimya: kopi ndogo za nyumbani zilivyookoa sinema kubwa

Mwaka 1954 mvulana wa shule mjini London, Kevin Brownlow, alipata rili mbili za filamu ya zamani kutoka Ufaransa. Zilikuwa rili ndogo za kutazamia nyumbani, na mkanda wake ulikuwa na upana wa milimita 9.5 tu. Filamu yenyewe ni Napoléon ya mwongozaji Abel Gance, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1927. Kijana yule aliipenda mno, akaanza kutafuta vipande vingine.

Kazi hiyo ilimchukua miaka na miaka. Mwaka 1980 toleo alilolirekebisha lilionyeshwa London, huku okestra ikipiga muziki ukumbini. Mwaka 2016 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, ililitoa kwenye DVD na Blu-ray. Lina urefu wa saa tano na nusu. Filamu iliyoanza kuokolewa kwa kopi ya sebuleni imerudi tena sebuleni.

Leo kuna watu Ulaya, Marekani na Japani wanaokusanya diski za filamu za namna hii, zenye umri wa karibu miaka 100 na zaidi. Wengine wana mamia kabatini. Katika makala haya tunaeleza wanachokitafuta, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata mtu mwenye kanda moja tu ya harusi ndani ya sanduku.

Filamu za kimya ni zipi?

Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio picha zinazotembea mjini Paris. Kuanzia hapo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu nyingi zilitengenezwa bila sauti ndani ya mkanda. Maneno ya wahusika yaliandikwa kwenye skrini katikati ya picha. Unayemfahamu zaidi kutoka enzi hizo huenda ni Charlie Chaplin, yule wa kofia, fimbo na suruali pana.

Lakini ukumbi haukuwa kimya. Palikuwa na mpiga piano, na kwenye miji mikubwa okestra nzima. Huko Japani alikuwepo mtu aitwaye benshi, aliyesimama pembeni ya skrini akisimulia hadithi na kuigiza sauti za wahusika wote. Msikilizaji aliyewahi kuingia banda la video akamsikia DJ Afro wa Kenya au Lufufu wa Tanzania haitaji maelezo marefu hapa. Kazi ni ileile, na huko Japani watu walikwenda ukumbini kwa ajili ya benshi kama walivyokwenda kwa ajili ya filamu.

Zilipotea vipi?

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyohesabu filamu ndefu za kimya zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11,000. Katika kila 100, zilizobaki kamili katika mkanda wake wa mwanzo ni 14 tu. Nyingine 11 zimebaki kamili, lakini kwa matoleo yaliyopelekwa nchi za nje au kwa kopi za mkanda mdogo. Tano zina mapengo. Zilizosalia, takribani 70, hazijulikani zilipo.

Sababu ya kwanza ni mkanda wenyewe. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu za kumbi za sinema zilichapwa kwenye plastiki iitwayo naitreti. Picha zake zilikuwa safi na zenye kung'aa, lakini plastiki hiyo inashika moto upesi mno. Ikishawaka, maji hayaizimi, kwa sababu inajitengenezea yenyewe oksijeni ya kuwakia. Mwezi Julai 1937, katika joto kali la kiangazi, ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, lililipuka na kuteketea pamoja na sehemu kubwa ya filamu zake za kimya. Na hata isipoungua, naitreti huoza taratibu. Kwanza inanata, kisha inageuka unga.

Sababu ya pili ni watu. Filamu zenye sauti zilipoingia, za kimya zilionekana hazina faida tena. Nyingi zilitupwa, nyingine zikachemshwa ili kutoa madini ya fedha yaliyokuwa kwenye mkanda. Georges Méliès, Mfaransa aliyetengeneza filamu maarufu ya safari ya mwezini mwaka 1902, alifilisika, na mwaka 1923 akaichoma moto mwenyewe mikanda yake ya asili.

Nani aliziokoa?

Makumbusho na maktaba zilifanya kazi kubwa. Lakini sehemu ya filamu zilizobaki imetoka kwa watu wa kawaida.

Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilianza kuuza mashine ndogo ya kuonyeshea filamu nyumbani, iliyotumia ule mkanda wa milimita 9.5. Mwaka uliofuata Kodak ya Marekani ikaleta mkanda wa milimita 16. Kopi hizi za nyumbani hazikuchapwa kwenye naitreti, bali kwenye plastiki isiyolipuka. Familia zilinunua au kukodi filamu, mara nyingi zikiwa zimefupishwa, zikatazama na watoto, kisha zikaweka darini au chini ya kitanda. Kampuni iliteketeza ya kwake, lakini ile ya darini ikabaki.

Ben Model, mpiga muziki wa filamu za kimya nchini Marekani, aliwahi kukusanya kopi za milimita 16 za filamu ambazo hazikuwa zikipatikana kwingine kirahisi. Mwaka 2013, kwa michango ya watu kupitia tovuti ya Kickstarter, alianza kuzitoa kwenye DVD. Mfululizo huo aliuita Accidentally Preserved, kwa maana kwamba zilihifadhika kwa bahati tu. Ilikuwa harambee hasa: kila mmoja alitoa kidogo, na filamu zikawafikia wote.

Filamu inarekebishwaje?

Mfano mzuri ni Metropolis, filamu ya Ujerumani iliyoongozwa na Fritz Lang. Ilionyeshwa Berlin Januari 1927, ikiwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Wasambazaji waliona ni ndefu mno, wakaikata. Vipande vilivyokatwa vikapotea, na kwa miaka 80 watu walitazama hadithi yenye mashimo.

Ilibainika kwamba kabla ya kukatwa, nakala ndefu ilikwishapelekwa Argentina. Huko ikaingia mikononi mwa mkusanyaji binafsi. Baadaye ilinakiliwa kwenye mkanda wa milimita 16, na ile ya naitreti haikuhifadhiwa. Mwaka 2008 nakala hiyo ndogo ilitambuliwa katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires. Ilikuwa na takribani dakika 25 ambazo watu walidhani hazitaonekana tena.

Kazi ya kuunganisha ikaanza. Wataalamu wa wakfu wa Friedrich Wilhelm Murnau wa Ujerumani, pamoja na wenzao, walilinganisha nakala kutoka nchi mbalimbali kipande kwa kipande. Kila palipopatikana picha safi zaidi, waliitumia hiyo. Ili kujua tukio lipi linatangulia, walifuata karatasi za muziki wa mtunzi Gottfried Huppertz, kwa kuwa ziliandikwa alama za matukio ya kwenye skrini. Mikwaruzo ilipunguzwa kwa kompyuta.

Toleo hilo lilionyeshwa Berlin Februari 2010, na mwaka huohuo likaanza kuuzwa kwenye diski. Ukilitazama, vipande vya Buenos Aires unavijua mara moja, maana vimejaa mikwaruzo kama mvua. Waliviacha hivyo kwa sababu hakuna kingine. Na bado matukio machache hayajapatikana, kwa hiyo yanaelezwa kwa maandishi.

Mkusanyaji anaangalia nini kabla ya kununua?

Haki za filamu nyingi za wakati huo zimekwisha muda nchini Marekani. Kwa hiyo mtu yeyote huko anaweza kuchukua kopi mbovu, akaitia kwenye diski na kuiuza. Filamu moja inaweza kuwa na matoleo kumi, tisa yakiwa hayafai. Ndiyo maana wakusanyaji huuliza mambo haya:

Chanzo: Diski imetolewa kwenye mkanda gani? Toleo zuri hutaja nakala zilizotumika na waliofanya marekebisho.

Urefu: Je, imekatwa? Metropolis ya dakika 90 na ile ya dakika 150 si hadithi moja.

Mwendo: Filamu za kimya nyingi zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko 24 za filamu zenye sauti. Zikichezwa kwa mwendo wa kisasa, watu wanakimbia kama kuku. Wengi wetu tunadhani zilitengenezwa hivyo, kumbe ni mashine iliyokosewa.

Rangi: Filamu nyingi hazikuwa nyeusi na nyeupe tupu. Usiku ulitiwa rangi ya bluu, moto ukatiwa nyekundu. Nyingine zilipakwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Nakala ya namna hiyo ya safari ya mwezini ya Méliès ilipatikana Barcelona mwaka 1993 ikiwa imegandamana, na baada ya marekebisho ilionyeshwa Cannes mwaka 2011.

Muziki: Ni ule ulioandikwa kwa ajili ya filamu hiyo, au ni wowote uliowekwa kuziba ukimya?

Eneo la diski: Diski nyingi hufungwa zisichezwe nje ya eneo fulani la dunia. Kenya na Tanzania zipo eneo namba 5 kwa DVD, na eneo B kwa Blu-ray. Diski iliyofungwa kwa ajili ya Marekani inaweza kugoma kwenye deki yako.

Kwa nini wasitazame tu kwenye intaneti? Jibu lao ni rahisi. Kilicho kwenye intaneti kinaweza kuondolewa usiku mmoja bila kukuuliza. Ni kama wimbo ulio kwenye memori kadi yako na ule unaousikiliza kwa bando: bando likiisha, au mwenye wimbo akiufuta, umebaki mikono mitupu. Tena matoleo haya huchapwa machache, na yakiisha sokoni hayarudi upesi.

Na huku kwetu?

Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palikuwa na mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliendeshwa na Waingereza kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu 35 za elimu kuhusu kilimo, mifugo na afya, na kuzizungusha kwa gari katika vijiji vya Afrika Mashariki. Mikanda yake ilikuwa ya milimita 16, isiyo na sauti ndani yake. Sauti ilirekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotumika.

Katika hizo 35, zinazojulikana kubaki ni 3. Moja inahusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Nyingine ni ya ugonjwa wa safura, na ya tatu ni ya mafunzo ya mifugo. Zimehifadhiwa Uingereza. Zilitengenezwa kwa macho ya mkoloni, na ni haki kuzitazama kwa jicho kali. Hata hivyo zinaonyesha sura, mikono na mashamba ya watu wetu wa miaka hiyo. Zile 32 nyingine zilikuwa na sura za nani? Hatuna mkusanyaji wala dari la kwenda kupekua.

Kanda iliyo nyumbani kwako

Somo la filamu hizi ni hili: kitu chenye nakala moja, mahali pamoja, kiko njiani kupotea. Vilivyopona vilikuwa na nakala zaidi ya moja, kwenye mikono zaidi ya miwili. Ukiwa na kanda ya harusi, ya mahubiri, ya ngoma za kijiji au ya sauti ya babu, fanya haya:

Iweke pakavu penye kivuli, mbali na moshi wa jiko na bati linalochemka jua. Isimamishe, usiilaze chini ya mzigo.

Ikiwa ina ukungu, usiitie kwenye deki. Itaharibika zaidi, na deki nayo itachafuka.

Tafuta fundi mwenye deki inayofanya kazi ainakili iwe faili. Usingoje sana, kwani deki hizo nazo zinakwisha na vipuri vyake havipatikani.

Faili hilo weka angalau sehemu mbili: kwenye simu au memori kadi yako, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Moto au mafuriko ya nyumba moja yasimalize kila kitu.

Andika majina, mahali na mwaka wakati wanaojua bado wapo. Picha ya mtu asiyejulikana jina ni nusu ya kumbukumbu.

Na kanda yenyewe usiitupe baada ya kuinakili. Huenda kesho ikaja mashine inayoisoma vizuri zaidi kuliko ya leo.