Swichi za DNA zinazohisi asidi

Maziwa mabichi yanayouzwa asubuhi Kijenge, Arusha, yana pH ya karibu 6.7. Yakiachwa yagande yawe mtindi, pH inateremka hadi karibu 4.5. Mtu anaweza kuona tofauti hiyo kuwa ndogo, lakini kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo mtindi una protoni huru zaidi ya mara mia kuliko maziwa yaliyouzaa. Bakteria wanapotengeneza asidi ya laktiki, protoni huongezeka, na pH ikikaribia 4.6 protini iitwayo kaseini hushikamana, maziwa yakaganda. Protoni zimebadilisha tabia ya molekuli.

Wahandisi wa molekuli wanatumia kanuni hiyohiyo kwa makusudi, na malighafi waliyoichagua ni DNA. Wanatunga kipande kifupi kinachojikunja asidi ikizidi na kujikunjua ikipungua, tena mara nyingi bila kuharibika. Hiyo ndiyo swichi ya molekuli.

Kiini chake ni herufi moja. DNA ina herufi nne: A, T, G na C. Katika DNA ya kawaida, C huungana na G, na A huungana na T. Lakini C, yaani sitosini, ina atomi ya naitrojeni inayoweza kupokea protoni. Protoni ikitua hapo, C hiyo hupata chaji chanya na sasa inaweza kuungana na C nyingine isiyo na protoni. Ndoa hiyo ya C kwa C haiwezekani pasipo protoni hiyo.

Tazama mfuatano huu: CCCTAACCCTAACCCTAACCC. Una herufi 21, na unafanana na ule unaojirudia kwenye ncha za kromosomu zetu. Ndani yake kuna makundi manne ya CCC, yaani C 12. Katika maji yasiyo na asidi uzi huu unaelea ukiwa umelegea. Ukishusha pH mpaka karibu 6 au chini yake, C hizo 12 zinapangana jozi sita, kila jozi na protoni yake, na uzi mzima unajikunja kuwa fundo dogo lenye kuta nne. Wanasayansi Gehring, Leroy na Guéron walilieleza umbo hilo mwaka 1993, nalo huitwa i-motifu. Jozi hizo husaidiana: ya kwanza ikishika, zinazofuata zinashika kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana swichi hii hugeuka ghafla ndani ya kipimo kidogo cha pH.

Uhandisi umo katika kupanga swichi igeuke kwenye pH ipi. Mwaka 2014 Idili, Vallée-Bélisle na Ricci walionyesha njia moja inayopendeza kwa urahisi wake. Walitumia DNA ya nyuzi tatu, ambamo uzi wa tatu unajilaza kwenye ubavu wa nyuzi mbili zilizokwisha kuungana. Kwenye uzi huo wa tatu, C haishiki bila protoni, ilhali T inashika bila kuihitaji. Basi ukiongeza C, swichi itadai asidi zaidi ndipo ifunge. Ukiongeza T, itabaki imefungwa hata asidi ikipungua. Mhandisi anabadilisha uwiano wa herufi kwenye karatasi, na kizingiti cha pH kinahama. Hata T ina mpaka wake, kwani pH ikifika karibu 10, kama katika maji ya Ziwa Momella Kubwa chini ya Mlima Meru, T nayo huanza kupoteza protoni yake na uzi wa tatu unaachia.

Afrika Mashariki tumeishi na molekuli inayohisi asidi kwa miaka mingi. Waliokua kabla ya 2001, Tanzania ilipoacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, wanaukumbuka uchungu wake na muwasho wake. Klorokwini isiyo na chaji hupenya utando wa seli. Ikiingia kwenye kifuko ambamo kimelea cha malaria humeng'enyea damu, chenye pH ya karibu 5, inapokea protoni, inapata chaji na kushindwa kutoka. Inalundikana humo hadi kimelea kinakufa. Usugu ulikuja pale protini moja ya utando wa kifuko hicho ilipobadilika ikawa inaitoa nje dawa iliyonaswa. Yeyote anayetaka kuunda molekuli inayotegemea asidi anapaswa kuijua historia hiyo.

Swichi za DNA zimekwisha kuingia ndani ya seli hai. Mwaka 2009 kundi la Yamuna Krishnan, wakati huo akiwa Bangalore nchini India, lilitumia swichi ya i-motifu yenye rangi mbili zinazong'aa kupima asidi ndani ya seli za inzi wa matunda. Swichi ikijifunga, rangi hizo zinakaribiana na mwanga unaotoka unabadilika. Mwaka 2011 kundi hilo lilifanya hivyo ndani ya mnyoo mdogo aliye hai.

Faida yake iko wazi ukitazama namba za mwili. Damu ina pH ya 7.35 hadi 7.45. Lisosomu, vifuko vya kusagia taka ndani ya seli, vina pH ya karibu 4.5 hadi 5. Mazingira ya uvimbe wa saratani mara nyingi huwa 6.5 hadi 6.9. Swichi iliyopangwa vizuri inaweza kuishika dawa kwenye damu na kuiachia penye asidi. Kazi ni ngumu, kwa sababu kati ya damu na uvimbe hakuna hata hatua moja nzima ya pH. Tena vimeng'enya vya mwili hukata DNA, na chumvi na joto huhamisha kizingiti. Kwa hiyo msomaji asiuziwe swichi hizi kama tiba ya saratani. Kwa sasa thamani yake iliyothibitika ni kupima asidi.

Arusha haina sababu ya kubaki mtazamaji. Pale Tengeru ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambako Askwar Hilonga alibuni kichujio cha maji cha teknolojia ya nano kilichoshinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Swichi ya i-motifu inahitaji vifaa vichache: DNA fupi inayoagizwa, kipima pH, na mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na mchanganyiko. Kidato cha sita wanafundishwa asidi kwenye kemia na DNA kwenye biolojia, kana kwamba hazikutani. Walimu, zikutanisheni darasani. Mwanafunzi anayejua protoni inatua wapi kwenye herufi C ameshika mwanzo wa uhandisi huu.