Misitu, Mito na Miamba ya West Virginia

West Virginia, jimbo la milima ya Appalachia mashariki mwa Marekani, limefunikwa na misitu kwa takriban asilimia 78 ya eneo lake. Maine na New Hampshire tu ndizo zinazolizidi. Mgeni huweza kudhani hapa shoka halijawahi kufika, kumbe kufikia miaka ya 1920 karibu msitu wote wa asili ulikuwa umekatwa, na miti inayoonekana leo imeota baadaye. Historia hiyo inaeleza pia michezo ya jimbo hili: sehemu nyingi wanazozifuata wapenda safari za porini zimetokana na migodi, reli, bwawa na hata jeshi.

Sehemu inayojulikana zaidi ni bonde la New River, kusini mwa jimbo, lililopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa Desemba 2020. Reli ilipita humo mwaka 1873, migodi ya makaa ya mawe ikafuata, na ilipofungwa, msitu ukarudi kuifunika. Huko Kaymoor, ngazi za mbao zenye vidato 821 humfikisha mtembeaji kwenye mabaki ya mgodi uliokoma kufanya kazi mwaka 1962. Kushuka si kazi. Kazi ni kurudi juu. Kuta za mawe mchanga zilizo kandokando ya bonde zina njia zaidi ya 1,400 za wapanda miamba. Juu ya bonde limepita daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1977, mita 267 kutoka majini. Jumamosi ya tatu ya Oktoba daraja hufungwa kwa magari na watu huruka kutoka hapo kwa parachuti, jambo lisiloruhusiwa siku za kawaida.

Mto wenye maji makali zaidi, hata hivyo, ni Gauley. Ugumu wa mito hupimwa kwa madaraja sita, na la tano ndilo la mwisho ambalo kampuni za utalii huthubutu kuwapeleka wateja. Waliowahi kushuka Nile pale Jinja kwa boti la mpira wanalijua. Gauley ya juu ina maporomoko matano ya daraja hilo katika umbali wa kilomita 16 hivi. La mwisho, Sweet's Falls, huiangusha boti karibu mita nne kwa mkupuo mmoja.

Msimu wa Gauley haupangwi na mvua bali na bwawa la Summersville, lililokamilika mwaka 1966 ili kuzuia mafuriko. Majira ya joto ziwa lake hujazwa. Ikifika vuli, wahandisi wa jeshi hulipunguza ili kuacha nafasi ya mafuriko ya masika, na maji hayo sharti yapite mtoni. Mwaka 1986 bunge la Marekani liliitambua michezo ya maji kuwa mojawapo ya malengo ya bwawa hilo, na tangu hapo maji hufunguliwa kwa ratiba: wikiendi sita hivi kuanzia mwanzoni mwa Septemba. Anayefika Agosti akitarajia mawimbi hayo atakuwa amekosea tarehe. Asiyewahi kushika kafi aanze na New River, si Gauley.

Kaskazini-mashariki kuna msitu wa taifa wa Monongahela, uliotengwa mwaka 1920, wenye zaidi ya hekta 370,000. Ndani yake kipo Spruce Knob, kilele cha juu kabisa cha jimbo, mita 1,482. Upo pia mwamba mwembamba wa Seneca Rocks, ambao askari wa Marekani waliutumia kujifunzia kupanda milima wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyanda za Dolly Sods, zenye upepo na baridi hata Juni, zilitumika kwa mazoezi ya mizinga katika vita hivyohivyo. Makombora ambayo hayakulipuka bado huonekana mara mojamoja. Mtembeaji hapaswi kuacha njia, wala kugusa chuma chochote anachokikuta.

Wasiotaka hatari wana njia ya Greenbrier, kilomita 125 za reli ya zamani iliyogeuzwa kuwa ya baiskeli. Mteremko wake ni mdogo kwa sababu ulipimwa kwa ajili ya treni. Kusini, wenye pikipiki za magurudumu manne wana mtandao wa Hatfield-McCoy, zaidi ya kilomita 1,600, nyingi zikifuata barabara za kale za migodi na magogo.

Simu isitegemewe kuonyesha njia. Sehemu kubwa ya mashariki mwa jimbo imo katika eneo ambalo tangu mwaka 1958 mawimbi ya redio hudhibitiwa ili kulinda darubini za Green Bank, na mabonde mengine hayana mtandao kabisa. Ramani ya karatasi inunuliwe kabla ya kuingia msituni.