MZAMIAJI NA HEWA YAKE: ASHUKE METRE NGAPI?

Ndugu mfanyakazi, hatari za chini ya udongo unazijua: mawe yanayoanguka, moshi wa baruti, mashini isiyo na kizuizi. Hatari za chini ya maji wengi wetu hatuzijui, maana kazi ile ni ya watu wachache. Lakini umeme unaozungusha pompi na mashini zetu unatoka kwenye baraji, kama Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, Mwadingusha na Koni juu ya Lufira. Mlango wa maji ukikwama, ao takataka zikiziba vyuma, lazima mtu ashuke kuangalia. Vilevile pompi ikizama ndani ya kariyere iliyojaa maji.

Swali la kwanza la mtu yule si « Nitavaa nini? » Ni hili: « Hewa iliyo ndani ya chupa yangu inaniruhusu kushuka metre ngapi? » Jibu linapatikana kwa hesabu ndogo ambayo mtoto wa shule anaweza kuifanya.

Maji yana uzito. Kila metre ya maji ya mto ao ya ziwa inaongeza presha ya bari 0,098. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, ni mazito kidogo: karibu bari 0,1. Juu ya maji kuna hewa, nayo ina uzito wake. Pwani ya bahari hewa inakandamiza kwa bari 1,01. Lakini sisi hatukai pwani. Tuseme ziwa letu liko metre 1 200 juu ya bahari, kadiri ya Lubumbashi: pale hewa ina bari 0,88 tu.

Sasa oksijeni. Bila oksijeni mtu anakufa, lakini ikizidi presha inakuwa sumu. Mzamiaji anashikwa na degedege, mara nyingi bila dalili yoyote ya kumwonya, anaachia bomba la mdomoni, maji yanamwingia. Kwa mtu anayefanya kazi, kipimo kinachofuatwa leo ni bari 1,4 ya oksijeni, isipite.

Hesabu ni hii. Gawanya 1,4 kwa sehemu ya oksijeni iliyo ndani ya chupa. Toa presha ya hewa ya pale unapozamia. Kinachobaki, gawanya kwa 0,098. Tuchukue chupa ya hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka sehemu 32 juu ya 100. 1,4 kwa 0,32 ni bari 4,37. Toa 0,88, inabaki 3,49. Gawanya kwa 0,098: metre 35,6. Tunaandika 35, hatuandiki 36. Katika hesabu hii tunashuka siku zote, hatupandishi. Baharini chupa ileile ingekupa metre 33 tu.

Kwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni 21 juu ya 100, hesabu inatoa metre 59 ndani ya ziwa letu. Usifurahi haraka. Kuanzia metre 30 hivi azoti iliyo ndani ya hewa inaanza kumlewesha mtu. Anacheka bila sababu, anasahau chombo mkononi, haoni hatari. Kwa hiyo hewa inakatazwa na azoti mbele haijakatazwa na oksijeni.

Na hapa kuna mtego ambao umedanganya hata watu wenye akili. Mtu anaona ziwa la juu linampa metre nyingi kuliko bahari, anafikiri kuzamia huku ni kwepesi. Kwa kushuka, ndiyo. Kwa kupanda, ni kinyume kabisa.

Ugonjwa wa kupanda haraka, wafanyakazi wa mgodi ni kati ya watu wa kwanza waliouonja. Karibu na mto Loire, Ufaransa, mhandisi Jacques Triger alisukuma hewa ya presha ndani ya shimo la makaa ya mawe ili maji yasiingie. Mwaka 1841 alieleza kwamba watu wake, baada ya kutoka, walisikia maumivu katika viungo. Mwaka 1878 Paul Bert alionyesha sababu: chini ya presha azoti inaingia ndani ya damu, presha ikishuka ghafula inatoka kwa mapovu, sawa vile chupa ya bia inavyofanya ukiifungua.

Sasa, tabulo za kupanda zinazotumiwa mara nyingi zilitengenezwa kwa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mapovu yanapata nafasi zaidi. Mtu aliyefika metre 20 ndani ya ziwa letu lazima ahesabu kama alifika 22 na nusu baharini: 20 mara 1,01, gawanya kwa 0,88, kisha punguza kidogo kwa kuwa maji hayana chumvi. Atafuata mstari wa tabulo unaokuja baada ya hapo, 24 ao 25. Hata metre za kusimama njiani zinabadilika. Shefu wa wazamiaji ndiye anayeziandika, mbele ya mtu kugusa maji.

Tuna neno kwa watu wa atelie. Chupa ya oksijeni ya kuunganishia vyuma si chupa ya kuzamia. Oksijeni tupu, kwa hesabu yetu, inaishia metre 5. Tena mnajua wenyewe: mafuta kidogo penye oksijeni, moto unawaka. Kompresere ya mashini ya kutoboa mawe, nayo, haitoi hewa ya kupumua. Inaweza kuvuta moshi wa mota. Na moshi ule, kwenye metre 25, unaingia mwilini kwa nguvu karibu mara 4.

Akina mama, bwana akirudi kutoka kazi ya maji, halafu usiku analalamika bega ao goti, ao miguu inakufa ganzi, ao anapata kizunguzungu, msimkande kwa maji ya moto na msimpe pombe ya kumlaza. Mpelekeni hopitali mara moja, hata kama yeye anasema ni uchovu tu. Mwambieni munganga waziwazi: « Alizamia leo, metre kadiri hizi. » Atapewa oksijeni ya kupumua, na hapo oksijeni ni dawa. Na aliyezama ndani ya Tanganyika kule Kalemie wakati wa likizo, asipande ndege mbele ya saa 24 kupita.