Kuomba Vyuo Vikuu vya Nje (2): Fomu Inapouliza Unafanya Nini Nje ya Darasa

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu vyeti na alama. Leo tunafika kwenye ukurasa wa fomu unaowakatisha tamaa vijana wengi wa Bukoba na Muleba kuliko hata mtihani wa fizikia, kemia na hisabati (PCM): ule unaotaka uorodheshe shughuli zako za nje ya darasa. Kijana aliyesoma shule ya kata huko Kimwani, akapata daraja la kwanza kidato cha nne, akapangiwa kidato cha tano katika shule ya Ihungo au Kahororo, anafika hapo na kukwama. Hajawahi kugusa piano. Shule yake haikuwa na bwawa la kuogelea, ingawa Ziwa Victoria liko pale pale. Klabu ya midahalo ilikuwapo kwenye ubao wa matangazo tu. Basi anaacha nafasi wazi au, mbaya zaidi, anatunga.

Si vyuo vyote vinavyouliza. Uingereza, maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, na maelezo binafsi yenye ukomo wa herufi 4,000 hutakiwa yahusu zaidi somo unaloomba. Oxford na Cambridge, ambazo dirisha lao la maombi hufungwa katikati ya Oktoba, hutazama uwezo wako katika somo na hamu yako ya kulichimba. Unahodha wa timu ya mpira hauwashughulishi sana. Ujerumani nako vyuo vya umma hupokea kwa vyeti, na vingi havitozi karo. Kwa hiyo mtu angeweza kusema: asiye na shughuli aelekee huko.

Lakini tazama upande wa pili. Mwanafunzi kutoka nje hulipa Uingereza karo kubwa kuliko Mwingereza, na ufadhili wa shahada ya kwanza ni wa kugombaniwa. Ujerumani isiyotoza karo humtaka mwombaji wa viza aoneshe kwamba anaweza kujikimu, kwa kawaida kwa kuweka fedha kwenye akaunti maalumu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka. Mkulima gani wa kahawa wa Kasharunga ana akiba hiyo? Upande mwingine kuna vyuo vichache vya Marekani, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humpima mwombaji wa nchi yoyote bila kuangalia mfuko wa mzazi wake, kisha humpa aliyechaguliwa msaada wa kuziba pengo lote la gharama. Vyuo hivyo ndivyo vinavyouliza shughuli. Ndiyo hali halisi: mlango usiouliza shughuli huuliza fedha, na mlango unaotoa fedha huuliza shughuli. Mtoto wa maskini hana pa kulikwepea swali hili.

Sababu ya kuliuliza haijafichika. Harvard hupokea waombaji wasiofika watano katika kila mia, na wenye alama za juu ni wengi kuliko viti. Mtihani ukishindwa kuwatenganisha, wasomaji wa fomu hutafuta kitu kingine: huyu akipewa muda wake mwenyewe, anaufanyia nini? Tena vyuo hivyo ni vya bweni. Wanachagua watu watakaoishi pamoja miaka minne. Zamani kazi hiyo ya kumjua kijana ilifanywa na wamisionari na maofisa elimu, waliopendekeza majina. Katika zama hizo mchumi Justinian Rweyemamu, mtoto wa Bukoba, alisoma Fordham na Harvard miaka ya 1960, akarudi kufundisha Dar es Salaam na kuandika kitabu chake cha 1973 kuhusu uchumi duni na viwanda vya Tanzania. Leo hakuna padri wa kukunong'onezea jina. Fomu ndiyo inayokusemea, na yenyewe haikujui.

Sasa tuifungue. Vyuo vingi vya Marekani hutumia fomu ya pamoja iitwayo Common App. Ina nafasi kumi za shughuli, na wengi huzitazama kumi hizo kama deni. Si deni. MIT, yenye fomu yake yenyewe, huomba zisizozidi nne. Kwa kila shughuli, Common App hukupa herufi 150 tu za maelezo, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, kisha huuliza ulifanya saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka na katika madarasa yapi. Halafu kuna menyu ya aina za shughuli. Kijana wetu huipita haraka akitafuta michezo na muziki, asione kwamba ndani yake kuna kazi ya ujira, na kuna majukumu ya familia.

Hapo ndipo pa kusimama. Binti anayerudi likizo ya Juni akakuta kahawa imeiva, akaamka kuvuna, akaanika, akaenda na baba yake kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) na kuhakikisha mizani haimpunji mzee, ana shughuli. Kijana wa kisiwa cha Ikuza au Goziba anayechaji betri za taa za wavuvi wa dagaa, na kuweka daftari la waliolipa na wanaodaiwa, ana shughuli, tena yenye hesabu ndani yake. Anayewalea wadogo zake kwa sababu mama yuko sokoni Kyamyorwa tangu alfajiri ana shughuli inayokula saa nyingi kuliko klabu yoyote ya mjini. Aliyeimba kwaya, aliyeongoza umoja wa wanafunzi wa dini kama TYCS, UKWATA au TAMSYA, aliyefika michezo ya UMISSETA ngazi ya wilaya, aliyekuwa kiranja wa chakula akigawa ugali kwa mamia ya wenzake bila ugomvi, hawa wasijione mikono mitupu. Hata kazi za EK zilizoingia shuleni baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, zile za bustani na mifugo ya shule, zina nafasi yake ikiwa kweli ulikuwa na dhamana na si kushika jembe kwa kuogopa fimbo.

Kosa kubwa liko kwenye uandishi. Tumelelewa kutojisifu, na ni malezi mema, lakini fomu haina shangazi wa kukusifia. Ukiandika "nilisaidia kazi za nyumbani", msomaji aliye Boston hapati kitu. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, ila uzito wa maelezo ni ule ule kwa lugha yoyote. Linganisha na hili: "Nilihudumia ng'ombe wawili tangu kidato cha 1, niliweka daftari la maziwa na mauzo, fedha zililipia sare na vitabu vya wadogo zangu." Hakuna majigambo hapo. Kuna idadi, muda, dhamana na matokeo, na bado herufi 150 hazijaisha.

Saa nazo ziandikwe kwa haki. Shule nyingi za kidato cha tano na sita ni za bweni, kwa hiyo kazi ya nyumbani ni ya likizo. Sema hivyo, taja wiki za Juni na Desemba, usijaze mwaka mzima. Shughuli tatu za kweli zilizodumu miaka zina nguvu kuliko kumi za kuokoteza. Siku hizi kuna mtindo wa kuanzisha "asasi" wiki mbili kabla ya dirisha kufungwa, yenye nembo, picha tano na mwenyekiti peke yake. Wasomaji wa fomu wameziona hizo mpaka wamechoka. Baadhi ya vyuo pia hufanya mahojiano kwa video, na mtu aliyetunga huanguka kwenye swali la tatu: ulishindwa wapi, ukafanyaje?

Neno kuhusu insha ya Common App, yenye ukomo wa maneno 650. Usiuze umaskini. Kuandika kwamba ulisoma kwa kibatari ni sawa kama ni kweli, lakini kibatari hakikuelezi wewe. Eleza ulichokuwa ukikifikiri mbele ya kile kibatari.

Linalobaki, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni ushahidi. Mtoto wa shule ya kimataifa ana mshauri anayelipwa kumwandikia barua. Wa kwetu ana mkuu wa shule mwenye mafaili mezani na mwalimu wa ushauri na unasihi mwenye vipindi thelathini. Vyuo hivi vya Marekani kwa kawaida huomba taarifa ya shule na barua za walimu wawili, na barua zetu nyingi husomeka hivi: ni mtiifu, ana bidii, hajawahi kupewa adhabu. Hiyo ni hati ya tabia, haimtofautishi na jirani yake wa dawati. Mwalimu aeleze alichokiona: swali alilouliza darasani, jaribio la fizikia alilolirudia jioni maabara ikiwa imefungwa, wenzake aliowafundisha. Na taarifa ya shule iseme wazi shule ina nini na haina nini. Kama hakuna klabu, iandikwe hakuna klabu. Wasomaji wa fomu humpima mwombaji kwa fursa alizokuwa nazo, lakini hawawezi kuzijua wasipoambiwa.

Muda nao unatufaa kuliko tunavyodhani. Kidato cha sita hufanya mtihani Mei na matokeo hutoka Julai. Madirisha ya Marekani hufungwa Novemba mosi kwa wanaowahi, na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Aliyemaliza mwaka huu anaomba kwa ajili ya Agosti au Septemba mwakani, akiwa na matokeo mkononi. Katikati kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa walioitwa, na mafunzo hayo yaandikwe kwenye fomu. Kuna pia miezi ya kukaa nyumbani: fundisha hesabu watoto wa kitongoji, shika daftari la chama cha msingi, anza sasa wala usisubiri cheo.

Wakuu wa shule za Muleba na Bukoba, ombi langu kwenu ni dogo. Fungueni barua pepe ya shule inayosomwa kila wiki, teueni mwalimu mmoja wa kushughulikia maombi ya nje, na andikeni taarifa ya shule ya ukurasa mmoja sasa, kabla mwanafunzi hajaja ofisini Oktoba akihema. Sehemu ya tatu itahusu fomu za fedha na msamaha wa ada ya maombi.